Funda la Miaka Saba

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mji!

Mji wa nani?

— Tuambie wewe, sisi masikio tumeshayafagia!

Haya, kama mmeyafagia nitaingia. Wewe pale nyuma acha kutafuna muwa, unanichanganya.

Hapo kale, wakati kuku walikuwa bado hawajaamua kama wataruka au watatembea, palikuwa na mji ukiitwa Tamkani. Watu wa Tamkani walikuwa na desturi moja, na desturi hiyo waliipenda kuliko chakula. Mtoto akizaliwa hapewi jina wala kazi mpaka atamke neno lake la kwanza. Siku akilitamka, mama yake anakipindua kinu, anapanda juu, analipigia kelele neno lile mji mzima usikie. Mpiga mbiu anapuliza pembe mara tatu. Basi, imekwisha. Neno hilo ndilo kazi yako mpaka kaburini.

Aliyesema "uji" alipika uji. Aliyesema "kuku" alifuga kuku. Aliyesema "sitaki" alipewa kiti barazani kwa Jumbe, na kazi yake ikawa kukataa. Shauri lolote likiletwa, Mzee Sitaki hulikataa kwanza, ndipo wenzake waanze kulijadili. Msicheke. Hata mjini kwenu yupo, ila kwenu hajulikani alianzaje.

Sasa palikuwa na mwanamke, Mwatumu binti Shaha. Huyo neno lake la kwanza lilikuwa "kumbe!" Kwa hiyo kazi yake ikawa kushangaa na kushangaza wenzake. Kukicha tu yuko njiani, nyumba hadi nyumba: "Kumbe hamjasikia?" Alisema akila, alisema akioga, alisema akiwa usingizini. Marehemu mumewe alijifunza kukoroma huku akiitikia "ehee." Mshikeni sana mama huyo, maana hadithi ni yake.

Jumbe wa mji aliitwa Kibwana. Mkewe alijifungua mtoto wa kike, akafariki siku ileile. Jumbe akabaki na mtoto mkononi na hofu kifuani. Akamwita mnajimu wake, Makungu.

"Makungu, itakuwaje mtoto huyu akisema neno la ovyo? Itakuwaje binti wa Jumbe akisema, mathalani, bamia?"

"Kwa nini bamia, Bwana Jumbe, na mboga zote hizi?"

"Nimetoa mfano tu!" Jumbe akafoka, na jasho likamtoka.

Makungu akafunga macho, maana alikuwa akilipwa zaidi akifunga macho. Akasema: "Bwana Jumbe, maneno ya mji huu yote yameshatumika. Yamepita midomoni mwa wauza dagaa, yamepita kwa walevi, yamechakaa. Mtoto akiyasikia atayaokota. Lakini asiposikia neno lolote la mtu, atatoa alilokuja nalo mwenyewe. Neno jipya, halijaguswa. Hilo ndilo neno la enzi!"

Jumbe akafurahi. Kikachaguliwa chumba cha ndani kabisa, chenye mlango mmoja mzito. Majogoo wa mtaa mzima wakachinjwa wasije wakamfundisha mtoto kuwika. Dimbwi la vyura likakaushwa. Punda wakahamishiwa ng'ambo ya mto. Kila kitu kikanyamazishwa isipokuwa huo mlango wenyewe, ambao hakuna aliyekumbuka kuupaka mafuta bawaba zake. Ulikuwa ukilia ngwiiii.

"Na yaya?" Jumbe akauliza. "Tumtafute mwanamke mpole asiyesema?"

"Hapana, Bwana Jumbe. Mpole ana maneno mengi hajayatumia, yatamtoka siku moja. Kila mtu huzaliwa na idadi yake. Mchukue Mwatumu. Kwa hesabu yangu, mama yule amebakiwa na maneno kumi."

Mnacheka nini? Mjini hakuna aliyecheka.

Mwatumu akaitwa. Akapewa masharti matatu. Usiseme. Usiimbe. Usimwoneshe kitu kwa kidole. Na ili masharti yashike, kila asubuhi atapiga funda la maji, akae nalo mashavuni mpaka jioni. Mlinzi atafungua mlango mara tatu kwa siku, atanyoosha bakuli bila neno, na Mwatumu atatema ndani yake maji yaonekane, kisha apige funda jingine. Yakikosekana, Mwatumu anatolewa mjini na mtoto anapewa yaya mwingine.

Mwatumu alitaka kukataa. Alifungua mdomo kabisa, tayari kuwaambia mambo ambayo wasingeyasahau. Ndipo akamwona mtoto. Amevingirishwa kanga, amekunja vingumi vyake, anatafuta ziwa kwenye shingo ya baba yake. Mwatumu hakujaliwa kuzaa. Moyo wake ukaenda. Akachukua kata, akapiga funda.

Ngwiiii, mlango ukafungwa.

Mwaka wa kwanza mtoto alianza mwenyewe. Alilala chali akasema, "Ba-ba-ba." Akanyamaza akamtazama Mwatumu usoni, kama mtu aliyebisha hodi anayengoja karibu. Mwatumu mashavu yamejaa maji, hakuitika. Mtoto akasema, "Ma-ma-ma." Akangoja. "Da-da-da." Akangoja. Mlinzi alipeleka habari barazani, na Makungu akasema hayo si maneno, ni mapovu. Mtoto alibisha hodi hivyo miezi sita. Kisha akaacha.

Jumbe akaja, akabandika sikio mlangoni. "Amesema?"

"Bado, Bwana Jumbe," akajibu mlinzi.

Mwaka wa tatu mtoto hakutazama tena nyuso za watu. Alikaa chini karibu na mlango, anajitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, tangu asubuhi mpaka jioni. Akijigonga kichwa halii. Akila anainamisha uso kwenye sahani. Mtoto wa jirani wa umri huohuo alikuwa ameshajua kudanganya na kusingizia paka. Huyu hata kuomba maji hakujua, alisubiri kiu impite. Hakujua kama ndani ya Mwatumu kuna mtu.

Jumbe akaja. "Amesema?"

"Bado, Bwana Jumbe."

Mwaka wa tano mtoto alitoa sauti. Mlinzi alipofungua mlango, ngwiiii, mtoto naye akajibu, ngwiiii. Alikuwa akijibu vizuri kuliko bawaba yenyewe. Mlango ulikuwa kitu pekee duniani kilichowahi kusema naye, basi akaupenda, na ulipofungwa alijitupa chini akang'ata mkono wake mwenyewe.

Jumbe akaja. "Amesema?"

"Amelia kama mlango, Bwana Jumbe."

"Hilo halihesabiki," akasema Makungu.

Mara tatu Mwatumu alitaka kutema yale maji. Alifikiri: nitamwambia neno moja tu, nitamwambia "mwanangu," hata wanifukuze. Na mara tatu akafikiri: wakinifukuza ataletewa mwingine, naye huenda asimkumbatie. Akalibana funda, akamkumbatia. Mtoto alikaa mikononi mwake mkavu kama kuni. Mwatumu alijichukia, nami nasema wazi kwamba alijichukia. Maneno aliyokuwa nayo si kumi. Yalikuwa yamemjaa mpaka kooni, na kila siku yakiongezeka.

Mnanifuata?

— Tunakufuata!

Basi fuateni polepole, tunaingia kwenye jua.

Mwaka wa saba Jumbe alichoka kungoja. Akaitisha mji. Kinu kikapinduliwa uwanjani, pembe ikafutwa vumbi, watu wakajaa hadi juu ya mapaa. Mtoto akatolewa. Jua likampiga, akafunika macho kwa viwiko. Watu wote wakapaza sauti, "Mtoto wa Jumbe! Mtoto wa Jumbe!" Yeye akaona midomo tu, mamia ya midomo, inafunguka na kufumba. Hakuwa amewahi kuona mdomo ukisema. Akakojoa hapohapo alipo.

Akatafuta kitu anachokijua. Akaliona shavu la Mwatumu, limejaa maji kama siku zote. Akalikimbilia, akaligusa kwa kidole, na maji yakacheza ndani. Mtoto akatoa sauti ileile iliyotoka shavuni. Akasema, "Gulugulu."

Shingo zote zikamgeukia.

"Mmesikia!" Makungu akaruka juu kama bisi. "Gulugulu! Neno la asili! Halijaguswa!"

Pembe ikapulizwa mara tatu. Jumbe akalia kwa furaha. Na wanangu, mji ule ukapata wazimu. Nani asiyetaka kusema lugha ya enzi? Kesho yake asubuhi kila mtu wa Tamkani alikuwa na funda la maji mdomoni. Sokoni muuzaji gulugulu, mnunuzi gulugulu, mtu akaenda kununua samaki akarudi na mkeka. Wachumba walichumbiana kwa gulugulu, na mmoja akagundua baadaye kuwa amemposa mama mkwe. Barazani Mzee Sitaki alijaribu kukataa, likatoka gulugulu, wakaandika kwamba amekubali. Akaugua siku tatu. Nyumba ya mpika uji ikashika moto. Watu wakaja mbio, wakataka kupiga kelele za "moto!", wakatema maji wote kwa pamoja, moto ukazimika. Makungu akasema mmeona baraka hiyo?

Lakini siku ya nne swali likaja. Gulugulu ni kazi gani? Kwa desturi mtoto lazima apewe kazi ya neno lake, na neno hilo hakuna aliyejua maana yake. Wakakutana barazani. Mtoto alikuwa chini ya kiti cha Jumbe, anajitikisa mbele na nyuma. Mwatumu amesimama kando, funda shavuni, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia amemaliza.

Makungu akatema maji yake ili aeleweke. "Bwana Jumbe, neno moja halitoshi. Arudishwe chumbani miaka saba mingine. Atatuletea lugha nzima pamoja na sarufi yake."

"Naona ni busara," akasema Jumbe.

Mlinzi akainama, akamshika mtoto mkono. Mtoto hakupinga. Hilo ndilo lililomkata Mwatumu maini: kwamba hakupinga, hakujua kwamba mtu anaweza kupinga. Miaka saba mingine, na hapo hata yule mtu mdogo aliyebaki ndani ya mtoto angekwisha.

Mwatumu akatema. Yalikuwa maji ya asubuhi nzima, yakaishia kwenye kanzu ya Makungu.

"Kumbe!" akasema.

Baraza lote likashtuka. Sauti ile walikuwa wameisahau.

"Kumbe hamjui maana ya gulugulu?"

"Wewe unaijua?" akauliza Jumbe.

"Bwana Jumbe, nimelala naye chumba kimoja miaka saba. Nisipojua mimi atajua nani, huyu mlinzi anayetega sikio kwenye tundu la ufunguo?"

"Basi sema! Maana yake nini?"

"Niseme hapa, mbele za watu?"

"Sema!"

Mwatumu akapiga hatua tatu, akamwinamia sikioni. "Maana yake bamia."

Jumbe akawa mweupe midomo. Sasa sogeeni karibu niwaambie, maana jambo hili hata mjini kwao halikujulikana. Mama yake Mwatumu alikuwa mfua nepi nyumbani kwa baba yake Jumbe. Siku moja Kibwana, mtoto wa mwaka mmoja, alikaa kwenye beseni akasema neno lake la kwanza, wazi kabisa: "Bamia." Mama yake alikuwa ameshapanda juu ya kinu. Baba mtu akamsukuma, akapanda yeye, akapiga kelele, "Himaya! Amesema himaya!" Ndivyo Kibwana alivyopata kiti cha Jumbe. Mfua nepi alimsimulia binti yake peke yake. Na Mwatumu, mdomo ule usiofungwa, hilo ndilo jambo pekee alilowahi kulificha maishani.

"Nani amemwambia mtoto?" Jumbe akanong'ona.

"Nani amwambie, Bwana Jumbe, na mimi nilikuwa na maji mdomoni? Si ndiyo lugha ya asili? Inajua yote yaliyofichwa. Na hapo ametoa neno moja tu. Akirudi ndani akatuletea lugha nzima pamoja na sarufi yake..."

"Hapana!" Jumbe akasimama, kiti kikaanguka. "Mtoto asemeshwe! Asikie maneno ya watu, aseme kama watu, asahau hayo mengine! Mlango uwe wazi!"

Na Makungu? Alipewa funda la maji na chumba kile, akakae mwenyewe angoje maneno ya asili. Wanasema alitoka baada ya siku mbili akiwa na neno moja, "jamani."

Sasa hapa mnangoja niwaambie kwamba mtoto alisikia maneno yakammiminikia, na baada ya wiki akawa anaimba. Ningependa. Mwatumu naye aliamini hivyo. Alimbeba mpaka kwake, akafungua mdomo, na miaka saba ikatoka yote. Alisema tangu alfajiri mpaka taa inazimwa: hiki kijiko, hiki kiatu, huyu jirani ana majivuno, mwanangu, mwanangu, mwanangu. Watu wa mji nao wakaja na zamu, kila mtu na neno lake. Mtoto akaziba masikio akaingia chini ya kitanda.

Mwaka ukapita. Hakuna neno. Mwatumu akalia, akafuta kamasi, akaendelea kusema.

Mwaka wa pili mtoto aligeuza kichwa alipoitwa. Mwatumu akapika pilau, akalisha mtaa mzima kwa ajili ya kichwa kugeuka. Baadaye mtoto akamtazama machoni, kidogo, akaangalia pembeni. Pilau tena.

Mwaka wa tatu Jumbe alikuja kumtazama. Alikuwa ameanza kuzeeka kwa wasiwasi. Uani kwa Mwatumu palikuwa na kelele za wapishi wa pilau, basi akaurudisha mlango nyuma yake ili wakae kimya kidogo yeye na binti yake. Ngwiiii.

Mtoto akaruka kutoka alipokaa. Akaufikia mlango, akaupiga kwa viganja viwili, akapiga, akapiga. Na kooni mwake kitu kikahangaika, kikapanda, kikatoka.

"Mlango!"

Mwatumu hakuulizana na mtu. Alikipindua kinu kikiwa na mpunga ndani, akapanda na miguu yake ya kizee, akapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto punda wakasikia. "Mlango! Mwanangu amesema mlango!" Pembe ikapulizwa mara tatu. Mzee Sitaki akasema sitaki, kwa furaha.

Desturi ni desturi. Milango yote ya Tamkani ikawa chini ya binti yule, na wakaanza kumwita Bi Mlango. Kazi yake aliijua tangu zamani. Alipita na fundi seremala mwenye nyundo, anasimama mbele ya nyumba, anaonesha kwa kidole, anasema, "Mlango." Fundi anaung'oa. Wa kwanza ulikuwa wa kile chumba cha ndani. Kisha nyumba kwa nyumba, mpaka milango ya vyoo, na watu wa Tamkani wakajifunza kukohoa.

Maneno mengine yalikuja. Maji. Kijiko. Tumu, ndiyo Mwatumu huyo. Lakini yalikuja moja moja, na hayakushikana. Watoto wa miaka minne huunganisha maneno bila kufundishwa, wakakuelezea ndoto nzima na uongo juu yake. Bi Mlango alikua akawa mtu mzima, na bado alikuwa akiliweka neno moja, kisha anatafuta, kisha analiweka jingine mbali na lile. "Maji. Tumu. Baridi." Kuna wakati wa maneno kuota mizizi, na wakati huo walikuwa wamemfungia ndani, baba yake na Makungu, na Mwatumu mwenye maji mashavuni. Mwatumu alilijua hilo kila siku aliyoishi, na hakuna pilau lililomwondolea.

Ikabaki nyumba moja, ya Jumbe. Wakafika. Jumbe akatoka, akasimama kizingitini, mikono ameitandaza.

"Mwanangu, hata wangu?"

Bi Mlango akamtazama.

"Mimi nani?" akauliza Jumbe. Sauti ilikuwa imemtoka kama ya mwombaji. "Nitazame vizuri, mama yangu. Umejifunza maneno mengi. Niambie mimi nani."

Mwatumu alimfundisha neno "baba." Alimfundisha miaka. Akashika kanga yake mdomoni akangoja.

Bi Mlango alimtazama mtu yule tangu unyayo mpaka kofia. Akainua kidole.

"Mlango," akasema.

Fundi seremala, mtu wa kushika desturi, akamkagua Jumbe ubavu huu na ubavu huu akitafuta bawaba. "Nimng'oe, Bi Mlango?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mlango akaweka kiganja kifuani kwa baba yake. Akamsukuma taratibu, pembeni, kama anavyofungua mtu mlango asioujua unafunguka vipi. Jumbe akasogea. Naye akapita.

Jumbe alibaki pale amejibanza ukutani, akalia kwa sauti. Kisha akavua kofia, akaenda kwenye kinu chake mwenyewe, akakipindua, akapanda.

"Bamia!" akapiga kelele. "Neno langu ni bamia!"

Sasa ana shamba la bamia kando ya mto. Bi Mlango hupita kila asubuhi na Mwatumu, na mzee Kibwana huacha jembe akamsimulia: mvua, vipepeo, mama yake alivyokuwa akicheka. Anasimulia mpaka umande unakauka. Bi Mlango husikiliza, wakati mwingine huchuma bamia moja akalishika. Hajamwita kitu kingine. Mzee anangoja, na anajua sasa kungoja kulivyo.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Anayetaka kuingia aingie, hakuna mlango. Na mwenye mtoto nyumbani asinishukuru mimi, aende akamsemeshe.

— Tumekwenda!

Nendeni.